Mashine Iliyoziita Korosho Kavu Mbichi

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Newala.

Ukungu wa leo umegoma kuondoka. Nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji, upepo unapuliza baridi ya kijinga, na mimi nimekaa kibandani na mlango nimeurudishia ili mteja yeyote afikiri sipo.

Wiki hii nimedharau watu wengi. Nitawaandika hapa mmoja mmoja, halafu nitafika kwa yule aliyestahili.

Kwa anayesoma blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa redio, simu na vifaa vya sola. Nyumbani naitwa Mama Jamali. Kibandani naitwa Fundi, ingawa kila wiki hakosekani mwanaume wa kusimama mlangoni, kunitazama nikiwa na chuma cha kuchomelea mkononi, na kuniuliza fundi yuko wapi.

Wa kwanza ni Injinia.

Injinia ana ofisi Masasi, yenye kiyoyozi na kalenda kubwa ukutani, na viatu vya ncha ambavyo havijawahi kukanyaga jani la mkorosho. Msimu huu alipata kazi ya kutengeneza kipimo cha unyevu wa korosho kwa ghala moja la wakulima upande wa Makote. Programu aliandika yeye. Mimi niliunganisha bodi, waya na boksi, na kutafuta umeme wa kukiwasha. Juu ya boksi amebandika jina lake kwa stika inayong'aa. Langu halipo. Hadi juzi jambo hilo lilinikera sana. Sasa nashukuru.

Chombo chenyewe si cha kutisha. Mkulima anamimina korosho konzi mbili kwenye kikombe. Ndani ya kikombe kuna kihisi kinachotoa umeme mdogo: korosho zikiwa na maji umeme unapanda, zikiwa kavu unashuka. Bodi, ambayo ni kompyuta ndogo ya kuenea kwenye kiberiti, inaupokea umeme ule na kuugeuza kuwa namba. Namba ikizidi kumi inawaka taa nyekundu, maana yake mbichi, gunia linarudi nyumbani. Isipozidi, inawaka ya kijani na mzigo unapanda mizani.

Hapa mezani kwangu kilifanya kazi vizuri siku nne mfululizo, kimechomekwa kwenye laptopu. Nilijisifu. Nilipiga picha.

Ghalani kikaanza kurukwa na akili. Asubuhi kijani, kijani, kijani. Ikifika saa nne hivi, nyekundu zinaanza kufuatana, na hazikomi hadi watu wakale chakula cha mchana.

Nilimpigia Injinia simu. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kumfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Fundi, fikiri kidogo. Wanaofika asubuhi ni wa jirani, hao ni waaminifu. Wanaofika saa nne wametoka mbali. Wanazimwagia maji njiani ili uzito uongezeke. Mashine inawakamata. Hiyo ndiyo faida ya teknolojia."

Niliidharau sauti yake. Maneno yake niliyaamini.

Korosho iliyosafiri kwenye bodaboda kwa saa nzima juani inafikaje ikiwa na maji kuliko ile iliyotoka nyumba ya jirani na umande wake? Swali hilo angeliuliza mtoto wa darasa la tatu. Sisi watu wazima wawili, mmoja na kiyoyozi chake na mwingine na picha zake, hatukuliuliza.

Wa pili ni karani wa ghala, Bakari. Huyu nilimdharau tangu siku ya kwanza. Kazi yake ni kumwaga korosho kikombeni, kusoma taa na kuandika, na hata hiyo anaifanya jicho moja likiwa kwenye simu. Anatazama vichekesho tangu anapofungua mlango. Korosho inaweza kuota kwenye kikombe asijue.

Wa tatu nilimdharau mbele za watu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda ghalani kubadilisha soketi. Foleni ilikuwa ndefu. Akafika mama mmoja kutoka upande wa Chilangala, bodaboda mbili zimebeba magunia yake. Wanamwita Mama Salima. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ambayo hayakuombi kitu. Bakari akamimina, taa ikawaka nyekundu.

"Mama Salima," Bakari akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "hayo maji uliyozimwagia korosho umeyachota wapi? Tuonyeshe na sisi, kwetu bomba limekauka wiki ya pili."

Watu wakacheka. Huku kwetu juu, shida ya maji ni jambo ambalo kila mtu analielewa.

Yule mama alinigeukia mimi. "Mwanangu, mwenye mashine si ni wewe? Hebu iangalie vizuri."

Sikuiangalia. Sikugeuza hata shingo. Nilisema, "Mama, mashine haina ndugu."

Watu wakacheka zaidi. Nami nikajiona mwerevu.

Alipakia magunia yake yote upya, peke yake, kwa sababu vijana wa bodaboda nao walikuwa wanacheka. Wiki iliyofuata akarudi. Nyekundu. Safari hiyo sikuwepo, ila nilisikia kwamba walishampa jina: Mama Kisima.

Jumatatu hii mwenyekiti wa ghala akaniita. Wakulima wameanza kubisha, alisema, na wawili nusura wapigane. Nikaenda na mkoba wangu wa vifaa. Nikabadilisha kihisi. Namba ziliendelea kupotoka. Jumanne nikabadilisha waya zote na kuzichomelea upya. Zilipotoka vilevile. Jumatano nikaongeza kapasita ili umeme wa kihisi utulie, na Injinia akanitumia programu mpya aliyoiita "dawa": bodi ipime mara hamsini, kisha itoe wastani.

Dawa hiyo ilifanya namba zitulie kweli. Zilitulia kwenye uongo. Mwanzoni mashine ilikuwa inadanganya kwa kigugumizi, sasa inadanganya kwa ufasaha. Injinia alinitumia ujumbe wenye kidole gumba.

Jumatano hiyohiyo alasiri, nikiwa kibandani, Mama Salima akasimama mlangoni. Hakuwa na magunia. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa korosho.

"Shikamoo, mama."

"Sikuja kuamkiwa."

Mimi ni mtu wa dharau, nalijua hilo, lakini pale nilikutana na bingwa. Hakukaa. Alilileta kopo sikioni kwangu akalitikisa. Korosho kavu zinalia, zinagongana kama kokoto. Mbichi zinatoa sauti nzito, ya uvivu. Hizi zililia.

"Nimezianika siku tisa," alisema. "Nimezigeuza kwa mkono. Usiku nazilaza ndani na sisi. Mjukuu wangu analala kwenye mkeka ili turubai litandikiwe korosho. Sasa kesho nitakwenda kukaa mbele ya hilo boksi lako kutwa nzima. Nataka liniite mwizi nikiwa nalitazama."

Akaondoka. Marahaba yangu sikuipata.

Alhamisi asubuhi nilimkuta ghalani. Alikuwa amelala kwa mdogo wake anayeishi jirani na ghala, kwa hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa amewahi. Saa tatu Bakari akamimina korosho za kopo lake. Kijani. Tisa.

Nilitegemea atashangilia. Alizirudisha korosho zake kwenye kopo, akaliweka mapajani, akafunga mikono juu yake. "Bado," alisema.

Tukakaa. Nilikuwa na mita yangu ya kupimia umeme, na sikuwa na wazo hata moja. Foleni ilisogea. Kijani, kijani. Ilipogonga saa nne na nusu, nyekundu ya kwanza. Kisha ya pili, mzee mmoja akaanza kuapa kwa jina la Mungu. Mama Salima akainuka, akapita mbele ya watu wote, akamimina korosho zake mwenyewe kikombeni. Kopo lile halikuwa limetoka mapajani mwake.

Nyekundu. Kumi na mbili.

Hakuna aliyecheka. Korosho ni zilezile, kikombe ni kilekile, siku ni ileile. Mama Salima hakunitazama kwa hasira. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula kanga yake.

Ndipo simu ya Bakari ikaita. Ilikuwa inachajiwa. Akaichomoa ili apokee, akaanza kuongea na mtu habari za mpira. Na kwenye kioo cha mashine, mbele ya macho yetu, ile kumi na mbili ikashuka ikawa kumi na moja, kumi, tisa. Taa ikageuka kijani.

"Rudisha simu," nilimwambia Bakari.

"Naongea."

"Bakari! Rudisha simu!"

Akairudisha. Nyekundu. Toa. Kijani. Weka. Nyekundu. Tulifanya hivyo mara tano hivi, na kila mara watu wa foleni walisogea karibu zaidi, hadi nikasikia pumzi zao shingoni.

Basi ndipo nilipofanya jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hulifanya kabla hajagusa kitu kingine chochote. Niliweka mita kwenye pini inayoingiza umeme kwenye bodi. Simu ikiwa nje: volti tano kasoro kidogo sana. Simu ikiwa ndani: nne na pointi tatu.

Nieleze, maana nimeahidi humu ndani kutojificha nyuma ya lugha ya ufundi. Bodi ile haijui volti. Inachofanya ni kuulinganisha umeme wa kihisi na umeme unaoilisha yenyewe, kisha inatoa namba. Ni kama fundi cherehani mwenye futi ya kupimia. Futi ikisinyaa, kitambaa kilekile kitatoka na namba kubwa zaidi. Chaji ya Bakari ina matundu mawili: moja linalisha mashine, la pili linalisha simu yake. Kila asubuhi simu inakuja imejaa. Ikifika saa nne vichekesho vimeimaliza, anaichomeka, umeme wa bodi unashuka, futi inasinyaa, na kila korosho inayofika saa hiyo inaonekana imejaa maji. Kisha simu inajaa, anaichomoa, na watu wa alasiri wanakuwa waaminifu tena.

Wa mbali ndio wanaofika saa nne. Hilo tu ndilo kosa lao.

Nilimgeukia Bakari na hasira yangu yote ya wiki. "Wewe na simu yako! Unajua umefanya nini?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, simu bado mkononi. "Fundi, si wewe uliyeniletea hii chaji? Ulisema, tundu la pili ni la simu yako, Bakari, usije ukalalamika."

Nilisema hivyo. Neno kwa neno.

Tumefika kwa yule aliyestahili.

Nilijua. Hilo ndilo ninaloliandika leo ili nisije nikalisahau kwa makusudi. Chipu ya bodi ile ina kipimo chake cha ndani, yaani futi isiyosinyaa, kisichojali chaji wala simu, na kukitumia ni mstari mmoja wa programu na resista mbili. Niliwahi kusoma habari hiyo. Nilipoona Injinia hajauweka mstari ule, nilifurahi kwamba nimemkuta na kosa, nikalitunza kosa lake moyoni kama pipi. Nilisema siku moja nitamuumbua nalo. Mezani kwangu namba zilikuwa nzuri, kwa hiyo sikusema. Nikanunua chaji rahisi ya matundu mawili, nikaenda kuwafungia watu mashine.

Kisha nikawaambia haina ndugu.

Jana Ijumaa nilitengeneza. Mstari mmoja, resista mbili, na chaji ya peke yake iliyofungwa ndani ya boksi kwa skrubu. Nikapima upya korosho za kila aina hadi nikaridhika. Nilimtumia Injinia maelezo yote. Alinipigia mara moja.

"Vizuri," alisema. "Sasa usilitangaze. Waambie tumeboresha programu. Ukiwaambia ilikosea, kila mtu atadai na yeye alionewa."

"Lakini walionewa."

"Fundi, fikiri kidogo."

Nilimkatia simu. Nilitamani kuandika kwamba nilimkatia kwa ujasiri. Ukweli ni kwamba kwa dakika kama mbili hivi nilikuwa nimeshakubaliana naye, na nilikata kwa sababu nilijisikia nikikubali.

Leo asubuhi nilikwenda ghalani saa nne, wakati watu wamejaa, nikasimama juu ya kreti la soda. Nilisema mashine ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Nilisema ubovu ni wangu mimi na mwenzangu wa Masasi, na kwamba waliorudishwa kuanzia saa nne hadi mchana huenda korosho zao zilikuwa kavu. Nilisema Mama Salima hakumwaga maji. Mwenyekiti alikuwa anatazama chini. Mtu mmoja nyuma akatukana. Mwingine akauliza, "Na nilizouza kangomba?" Hao ni wanunuzi wa vichochoroni, wanaokuvizia ukitoka ghalani na mzigo uliokataliwa na kuuchukua kwa bei ya kukukejeli. Nilishuka kwenye kreti.

Magunia ya Mama Salima yalipimwa, yakapita yote. Nilimfuata pembeni nikapiga goti. Alinisikiliza hadi mwisho, huku anafunga upya kilemba chake.

"Mimi nimerudi mara tatu kwa sababu nina mdomo," alisema. "Jirani yangu Bi Fatu hana. Yeye aliambiwa mbichi mara moja tu, akaenda nyumbani. Kamwambie yeye. Haya ya hapa umewaambia watu wenye masikio tayari."

Nikachukua bodaboda. Nilimkuta Bi Fatu uani kwake anamenya ming'oko, vile viazi vya porini; ni mjane wa makamo, mpole kupita kiasi, aliyenitandikia mkeka kabla hajajua nimefuata nini. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani na za watoto. Nikamweleza yote: chaji, simu, saa nne. Nilitumia mfano wa futi ya fundi cherehani. Alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, kisu mkononi.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo maji hayakuwemo?"

"Hayakuwemo, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Akaweka kisu chini. Aliniambia kwamba yeye alijua hakumwaga. Basi akawaza, ni nani aliyemwaga? Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake, Bi Sharifa, aliyeishi naye tangu waume zao walipofariki. Mashine ilisema maji yamo, na mashine ni kitu cha kitaalamu. Akamuuliza. Mdogo wake akakana. Akamuuliza tena, siku tatu, kila siku kwa maneno makali zaidi, na siku ya nne akamtolea mzigo wake nje ya mlango. Bi Sharifa sasa yuko Chiungutwa kwa mtoto wa shangazi yao. Hawajaongea tangu hapo.

"Aliapa," Bi Fatu alisema. "Aliapa mbele yangu, nikaiamini taa."

Hakulia. Aliokota mng'oko mmoja, akautazama, akaurudisha kwenye beseni bila kuumenya.

Nimeketi hapa nafikiria namba. Tisa ikawa kumi na mbili. Kwenye meza ya fundi hiyo ni tofauti ya volti isiyofika hata moja, kitu cha kucheka ukishakigundua, kisa cha kuwasimulia mafundi wenzako. Nimejaribu kukisimulia hivyo kichwani mwangu tangu nirudi. Hakisimuliki.

Mwenyekiti amenipa orodha ya waliorudishwa kuanzia saa nne. Ni ndefu kuliko nilivyotegemea. Nitawapitia wote, nyumba kwa nyumba, na Injinia akitaka stika yake nimeshaibandua, aje aichukue.

Kesho alfajiri tunakwenda Chiungutwa, mimi na Bi Fatu, bodaboda mbili. Aliniomba niongee mimi kwanza, kwa sababu yeye hajui aanzie wapi.

Na mimi sijui. Lakini nitaanza.